Wasomaji Wanauliza: Salim bin Ali Yupi?

Barua nyingi za safari hii zimeshika jambo moja: jina moja, watu wengi. Tumechagua saba. Swali la Maskati limepewa nafasi kubwa kwa sababu ndilo linaloulizwa mara nyingi zaidi, na ndilo ambalo watu huliharibu kwa haraka.

Babu yetu aliitwa Salim bin Ali, karani wa forodha Tanga wakati wa Mjerumani. Binamu yangu alikwenda Dar es Salaam akarudi na picha za hati tano, na kila moja ina Salim bin Ali. Tutamjuaje wa kwetu? (Msomaji, Maskati)

Kwanza acheni kumtafuta "wa kwetu". Anayeingia kwenye nyaraka na hamu ya babu yake humwona babu kila ukurasa. Zichukulieni hati hizo tano kuwa za watu watano, mpaka zenyewe ziwalazimishe kuziunganisha. Watu wawili wakishachanganywa kwenye kitabu cha ukoo, kila karatasi mpya itakayopatikana itapimwa kwa kosa hilo, na kuwatenganisha tena ni kazi ya miaka.

Andikeni kadi moja kwa kila mahali jina linapotajwa, si kadi moja kwa kila mtu. Kwenye kadi wekeni: jina herufi kwa herufi kama lilivyoandikwa, hata likiwa na kosa, jina la baba, la babu na nisba, yaani jina la ukoo au asili, kama ipo (al-Barwani, el-Mazrui, Shirazi), mtaa au kijiji, tarehe, kazi, majina ya watu wengine wote waliomo katika hati ileile, namba ya jalada na ukurasa. Picha isiyo na namba ya jalada haina faida. Kama binamu hakupiga picha ya jalada la nje, itabidi arudi.

Kisha linganisheni kadi. Kanuni tunayoitumia ni hii: jina peke yake haliunganishi kadi mbili. Panatakiwa vitu viwili zaidi vinavyokubaliana, na kisiwepo hata kimoja kinachopingana waziwazi. Vitu vyenyewe havilingani uzito. Mashahidi ni bora kuliko vyote. Mtu aliyeuza kiwanja mbele ya mashahidi wawili, na baada ya miaka mitatu akakopa mbele ya mmoja wao, karibu hakika ni yuleyule, kwa sababu watu walishuhudiana kwa ujirani na undugu. Saini na muhuri vina nguvu pia. Jina la babu ni zuri lakini halitoshi, maana koo nyingi hurudia majina kwa zamu: Salim bin Ali bin Salim anaweza kuwa mjukuu wa Salim bin Ali mwingine kabisa, tena mtaa uleule. Umri ndio dhaifu kuliko yote. Makarani wa kikoloni walikadiria kwa macho na kukata kwenye tano au kumi, kwa hiyo tofauti ya miaka mitano isiwatenganishe watu wenu, na umri kulingana usiwaunganishe.

Sasa tahajia. Katika hati za Kijerumani tafuteni Selim na Salim, na kama pana majina mengine ya ukoo, kumbukeni kwamba Juma huandikwa Dschuma au Djuma na Shabani huwa Schaban. Mwandiko wa Kijerumani wa zamani hufanya e, n na u zifanane, lakini makarani wengi waliandika majina ya wenyeji kwa herufi za kawaida za Kilatini. Jina huonekana hata na asiyeweza kusoma sentensi inayolizunguka. Hati za Waingereza baada ya 1916 hutumia alama s/o mahali pa "bin", yaani "Salim s/o Ali", au huiondoa kabisa na kubaki "Salim Ali", ambaye kwenye faharasa hugeuzwa kuwa "Ali, Salim". Tazameni herufi zote mbili.

Mkipata hata hati moja ya herufi za Kiarabu, ishikeni vizuri. Katika Kilatini "Salim" ni mmoja, lakini سالم na سليم ni majina mawili. Hali ni mbaya zaidi kwa حمد, أحمد, حامد, حميد na حمود: Hamad, Ahmad, Hamed, Hamid na Hamud. Karani wa Kizungu aliweza kuwaandika wote watano "Hamed" bila wasiwasi. Mfanyabiashara mashuhuri wa misafara Hamed bin Muhammad el-Murjebi amebahatika kuwa na lakabu, Tippu Tip, inayomfunga mahali pamoja, ingawa nayo imeandikwa Tippoo Tib na kwa namna nyingine. Babu zetu wengi hawakuwa na lakabu iliyovuma hivyo.

Kuhusu mahali pa kutafuta: orodha za hifadhi hutaja vichwa vya majalada, hazitaji watu waliomo ndani. Ndiyo maana ukiandika "Salim bin Ali" kwenye katalogi utapata mtu aliyekuwa na kesi kubwa, au usipate kitu. Tafuteni ofisi badala ya mtu: forodha, Tanga, miaka fulani. Katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Dar es Salaam, majalada ya Kijerumani yana rejea zinazoanza na G. Berlin-Lichterfelde kuna fungu R 1001 la Wizara ya Makoloni, ambalo sehemu kubwa inasomeka mtandaoni kupitia mfumo wa invenio wa Bundesarchiv, yaani Hifadhi ya Taifa ya Ujerumani. Huko hata hivyo utakuta zaidi mambo ya wakubwa na bajeti. Karani wa kawaida yumo zaidi kwenye majalada ya ofisi za hukohuko Afrika. Msisahau magazeti: Kiongozi lilikuwa likichapwa Tanga na shule ya serikali tangu 1904, na makarani wengi walipita kwenye shule hiyo.

Binamu akirudi, awe na barua ya utambulisho kutoka chuo au taasisi. Kwa asiye raia wa Tanzania, kibali cha utafiti hutafutwa kupitia COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania, nacho huchukua muda. Aombe kabla ya kukata tiketi.

Ninaandika tasnifu juu ya riwaya. Kwenye marejeo ya watu nakuta "Mohamed, M. S.", "Mohamed, S. A.", "Abdulla, M. S." na pengine "Said, M." Ni watu wangapi hawa? (Mwanafunzi wa uzamili, Dodoma)

Angalau wanne, na mmoja wao ana jina la pili ambalo hukulitaja.

Mohamed Suleiman Mohamed ndiye aliyeandika Kiu na Nyota ya Rehema. Said Ahmed Mohamed ndiye wa Utengano na Asali Chungu. Muhammed Said Abdulla ndiye mtunzi wa riwaya za mpelelezi Bwana Msa, aliyeanza na Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960. Mohamed Said ni mwandishi wa historia, anayejulikana kwa kitabu chake juu ya maisha ya Abdulwahid Sykes. Watatu wa kwanza ni Wazanzibari, wote wa riwaya, na vipindi vyao vinapakana. Mtu akikata majina yao kuwa herufi mbili na kuyapindua kwa mtindo wa Ulaya, supu imeiva.

Ambalo hukulitaja ni hili: Said Ahmed Mohamed amechapisha sehemu kubwa ya makala zake za kitaaluma, akiwa Chuo Kikuu cha Bayreuth, kwa jina la Said A. M. Khamis. Ukitafuta "Mohamed" utakosa makala, ukitafuta "Khamis" utakosa riwaya. Zipo tasnifu ambazo humnukuu Khamis akimchambua Mohamed kana kwamba ni mhakiki na mwandishi tofauti. Mwalimu anayejua atacheka, kisha atakata maksi.

Namna ya kuwatenganisha. Anza na VIAF, faharasa ya mtandaoni inayounganisha majina ya waandishi kutoka maktaba za taifa za nchi nyingi. Andika jina kamili, kisha fungua kila kundi linalotokea na utazame mambo mawili: mwaka wa kuzaliwa na orodha ya vitabu. Maktaba huongeza mwaka wa kuzaliwa penye majina yanayogongana, kwa hiyo 1947 karibu na jina la Said Ahmed Mohamed si pambo. Vitabu vya Kiswahili vimeorodheshwa vizuri kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu Maktaba ya Bunge la Marekani ina ofisi Nairobi tangu 1966 inayonunua machapisho ya Afrika Mashariki. Ila usiyaamini makundi ya VIAF kama msahafu. Hutengenezwa na kompyuta, na utakuta mtu mmoja amegawanywa mara mbili, au kitabu cha mtu kimeingia kwa jirani yake.

Kwa makala, fungua ukurasa wa kwanza wa makala yenyewe. Jarida la Kiswahili la TATAKI (Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) na jarida la Swahili Forum huweka jina kamili au taasisi ya mwandishi, na taasisi ndiyo itakayokuamulia. Kwenye Google Scholar, mtambo wa Google wa kutafuta makala za kitaaluma, tumia amri author:"said khamis" yenye alama za nukuu. Ukiziacha, mashine itakuletea kila Said aliyeandika na kila Khamis.

Katika marejeo yako mwenyewe andika majina kamili, hata kama mwongozo wa chuo unataka herufi za kwanza. Ukikataliwa, ongeza tanbihi moja inayosema Khamis na Mohamed ni mtu mmoja.

Nina nakala ya barua isiyo na tarehe inayomtaja "Sultani Ali". Nyingine inamtaja "Sultani Khalifa". Nitajuaje ni yupi? (Msomaji, Unguja)

Zanzibar ilikuwa na wawili wa kila jina. Khalifa bin Said alitawala 1888 hadi 1890, Khalifa bin Harub 1911 hadi 1960. Ali bin Said alitawala 1890 hadi 1893, Ali bin Hamud 1902 hadi 1911. Katikati wapo Hamad bin Thuwaini na Hamud bin Muhammad, ambao nao huchanganywa na wasomaji wa haraka.

Tazama watu waliotajwa pembeni. Lloyd Mathews akitajwa kama Waziri wa Kwanza, Ali wako ni bin Said: Mathews alishika cheo hicho 1891 na akafa 1901, kabla Ali bin Hamud hajakalia kiti. Ukiona "Rezidenti", yaani mwakilishi mkuu wa Uingereza, Khalifa wako ni bin Harub, maana cheo hicho kilikuja baada ya Zanzibar kuhamishiwa Wizara ya Makoloni mwaka 1913. Shilingi nayo husaidia, kwa kuwa rupia iliondolewa mwanzoni mwa 1936. Kama barua ina mwaka wa Hijria, zidisha kwa 0.97 kisha ongeza 622: 1307 inakupa 1890 kwa makadirio. Usitegemee zaidi ya mwaka mmoja huku au huku.

Rejea ya Hifadhi ya Nyaraka ya Zanzibar, iliyoko Kilimani, pia inasema kitu. Fungu AA ni la ubalozi wa Uingereza, AB ni la Sekretarieti, kwa hiyo barua iliyomo AA ina uwezekano mkubwa wa kuwa ya zamani zaidi.

Wasifu wangu wa Google Scholar umejaa makala za mtu mwingine anayetafiti samaki. Mimi ni wa elimu. Zangu tatu hazimo. (Mhadhiri, Mombasa)

Mashine imewaona ninyi wawili "A. S. Juma" ikaamua ni mmoja. Ingia kwenye wasifu, weka alama kwenye makala zisizo zako, futa. Kisha, na hapa ndipo wengi husahau, nenda kwenye mipangilio ya masasisho ya makala na uchague kuulizwa kwa barua pepe kabla ya makala mpya kuongezwa. Usipofanya hivyo, samaki watarudi baada ya wiki chache. Zile tatu zinazokosekana ziongeze kwa alama ya kujumlisha, ukitafuta kwa vichwa vya makala badala ya jina lako. Ikitokea makala moja mara mbili, ziwekee alama zote mbili na uziunganishe.

Hiyo ni tiba ya dalili. Tiba yenyewe ni ORCID, namba ya tarakimu 16 inayotolewa bure tangu 2012 na kubaki na mtafiti hata akibadili jina, nchi au mwajiri. Alama yake ya mwisho hukokotolewa kutokana na tarakimu 15 za mwanzo, na yaweza kuwa X. Si kosa la uchapaji. Ukijisajili, mambo matatu yasikupite. Weka barua pepe mbili, ya kazi na ya binafsi, maana anayehama chuo hupoteza ya kazi na kufungiwa nje ya rekodi yake, kisha hufungua ya pili na kuanza tatizo upya. Jaza sehemu ya majina mengine kwa kila namna uliyowahi kuchapisha: Ally, Ali, na "bin" au bila. Makala ziingize kwa kuunganisha na Crossref, daftari la makala zilizosajiliwa, kupitia DOI, yaani namba ya kudumu ya makala, si kuchapa kwa mkono, kwani kilichochapwa kwa mkono mashine nyingine hazikiamini sana.

Baada ya hapo ipe namba hiyo kila jarida unapowasilisha. Hifadhidata kama OpenAlex, iliyoanza 2022 na ambayo ni bure, huichukua ORCID kama ushahidi mzito inapoamua nani ni nani. Scopus, hifadhidata nyingine ya makala, nayo hukubali maombi ya marekebisho kutoka kwa mwandishi asiye na usajili wa kulipia. Makala zilizopo AJOL, tovuti ya majarida ya Afrika, zisizo na DOI hazitajipanga zenyewe. Hizo utazibeba kwa mkono.

Katika kesi ya mirathi nimekuta "binti Juma" mara mbili, bila jina lake mwenyewe. (Mwanasheria, Lamu)

Angalia mafungu. Katika mirathi ya Kiislamu, mjane au wajane hugawana thumni, yaani sehemu moja ya nane, kama marehemu ameacha watoto, robo kama hana. Binti hupata nusu ya fungu la ndugu yake wa kiume, au nusu ya mali akiwa peke yake bila ndugu wa kiume. Kwa hiyo "binti Juma" mwenye thumni ni mke aliyezaliwa na Juma. Na kama marehemu ndiye Juma, yule mwenye nusu ya fungu la kaka ni mwanawe. Karani hakuandika undugu, hesabu imeuandika.

Katika faharasa za kizungu mtafute chini ya herufi B, kwani wapo walioichukulia "Binti" kuwa jina. Tafuta pia d/o (binti wa) na w/o (mke wa), na jina la mume. Kenya Gazette, inayotoka tangu 1899 na kusomeka mtandaoni, huchapa matangazo ya mirathi yenye majina ya waombaji. Mara nyingi jina lake kamili lipo pale na si kwenye jalada la kesi.

Wazee wetu wawili waliitwa Yosefu, wamebatizwa parokia moja karibu mwaka mmoja. (Msomaji, Morogoro)

Omba kuona pambizo la kitabu cha ubatizo, si mstari wenyewe tu. Sheria ya Kanisa Katoliki hutaka kipaimara na ndoa viandikwe pembeni mwa ubatizo wa mhusika, pamoja na mahali ndoa ilipofungwa. Yosefu aliyeoa parokia nyingine atakuwa na jina la parokia hiyo pembeni mwake. Msimamizi wa ubatizo naye hutofautisha. Vitabu vya zamani ni vya Kilatini, hivyo tafuta Josephus, na jina la baba linaweza kuwa limenyumbulishwa mwishoni. Nakili namba ya ubatizo, maana ndiyo inayorudiwa kwenye vitabu vingine.

Kwa Waanglikana njia ni nyingine: nyaraka za misheni ya UMCA zipo maktaba ya Bodleian, Oxford, na za misheni ya CMS zipo Chuo Kikuu cha Birmingham. Zile zina barua na taarifa za wamisionari zaidi. Vitabu vya ubatizo vyenyewe anza kuvitafuta dayosisini.

Jina la babu yangu, Juma, silipati kwenye nyaraka za Kibelgiji. (Msomaji, Bujumbura)

Andika Djuma. Mahali pa "bin" tafuta "fils de". Sh inaweza kuwa ch, na u inaweza kuwa ou. Kama alikuwa mtu mzima kabla ya 1916, nyaraka zake za mwanzo ni za Kijerumani na tahajia ni Dschuma. Zile za utawala wa Wabelgiji zilizopelekwa Brussels sasa ziko chini ya Hifadhi ya Taifa ya Ubelgiji. Ukiandika kuomba msaada, taja wilaya, chifu na miaka, na uweke tahajia zote nne au tano katika barua ya kwanza, kwa sababu mhudumu atatafuta zile ulizompa tu.